Misa ya Kijana wa Biolojia

Kitabu kilivalishwa karatasi ya kaki, na juu ya kaki Joanitha aliandika kwa mwandiko wa mwanafunzi mwenye adabu zake: BIOLOJIA, KIDATO CHA TATU. Ndani hakukuwa na seli wala figo. Kulikuwa na kijana aitwaye Rayani, aliyekufa maji akiwa na miaka kumi na tisa, na msichana aitwaye Nasra, aliyempenda akiwa hai na akaendelea kumpenda hata mto ulipomchukua. Kila alfajiri ukungu ulipopanda kutoka mtoni, Rayani alikuja nao, akakaa kizingitini kwa Nasra, wakazungumza mpaka jua litoke.

Kilikuwa cha Deodatha, binti wa mfanyabiashara wa Muleba mwenye duka pale Nkwenda. Nusu ya wasichana wa darasa walikuwa wameshakipitia, na kila mmoja alikirudisha na macho mekundu akisingizia mafua. Joanitha alipewa zamu ya likizo nzima, na hiyo ilikuwa bahati kubwa, maana likizo ile alikuwa na kazi nyingi. Mama yake alikuwa amekwenda Muleba kumuuguza dada yake, na jiko lote la pale Isingiro likabaki mikononi mwake na mwa Bibi Kokwijuka, mama mzazi wa baba yake.

Macho ya Bibi yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, lakini kisu chake hakikuhitaji macho. Kila alasiri alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko akimenya ndizi, na maganda yakianguka palepale anapotaka. Joanitha alikaa kando akisukuma kuni kwa mguu, kitabu kikiwa magotini.

"Unacheka nini?" Bibi alimuuliza siku ya pili. "Figo inachekesha?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo anayemdanganya bibi yake ni fupi zaidi. Joanitha akasema ukweli wote, akingoja kugombezwa. Bibi akamenya ndizi mbili nzima kabla ya kujibu.

"Basi soma tusikie wote."

Kumsomea Bibi Kokwijuka ilikuwa kazi kuliko kulima. Hakuna sentensi iliyopita bila kusimamishwa. "Huyu Nasra maji anachota saa ngapi? Tangu tumeanza anakaa kizingitini tu." Au: "Mama yake yuko wapi, waitu jamani? Binti anaongea na marehemu kila kukicha, mama amelala?" Kitabu kile kilikuwa cha mwandishi mwenye maneno matamu, asiyepita penye mwezi bila kuusifia, na hapo ndipo Bibi alipokosa uvumilivu kabisa. "Mwezi umetajwa mara nne. Tumeuona. Aendelee mbele."

Joanitha aliendelea mbele. Lakini siku moja alifika mahali palipoandikwa: *Ukungu uliingia bila hodi, ukakaa mezani kama mgeni asiyekula.* Kisu kikasimama.

"Rudia hapo," Bibi akasema.

Akarudia.

"Aliyeandika hivyo amewahi kungoja mtu," Bibi akasema, akaendelea kumenya.

Tangu siku hiyo "rudia hapo" ikawa desturi yao. Sentensi nyingine zilirudiwa mara tatu, mpaka Joanitha akazijua kwa kichwa na kuzisema peke yake akienda kisimani. Mwezi nao ukasamehewa. Baba yake, Apolinary, akipita na jembe lake begani alisikia sauti ya binti yake ikisoma, akatabasamu. Aliwaambia watu kwenye jumuiya ya kanisa, ambako yeye ndiye mwenyekiti, kwamba binti yake anapenda biolojia mpaka anaisoma kwa sauti, na kwamba mtoto wa namna hiyo lazima atakuwa daktari. Joanitha alipolisikia hilo alijisikia vibaya kwa muda wa kama nusu saa, kisha akafungua sura iliyofuata.

Wiki ya pili walifika penye fundo lenyewe. Rayani hakuweza kwenda mahali wanapokwenda wafu, kwa sababu hakuagwa. Mwili wake haukuonekana, kwa hiyo hapakuwa na kaburi wala kilio. Watu wake walibaki wanangoja, na kila anayengoja alikuwa amemfunga uzi mguuni bila kujua. Nasra alitakiwa kuchagua. Amtaje kwa jina na kumuaga kwa sauti, naye aende, asirudi tena. Au anyamaze, abaki naye kizingitini milele, si mzima wala mfu, asiyepoa wala kupata joto.

Ilibaki sura moja. Joanitha alikuwa ameshalowesha kidole afungue ukurasa.

"Acha," Bibi akasema. "Hiyo bado."

"Bibi! Hapa ndipo penyewe."

"Najua. Ndiyo maana nimesema bado."

Jumatano nzima Bibi hakuzungumza, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo la kutisha. Alhamisi baada ya chai alisema, "Lete karatasi na bahasha. Tunaandika nia ya misa."

Kigango chao humpata padre mara moja kwa mwezi, na Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa zamu yao. Joanitha akauliza nia hiyo ni ya kumwombea nani.

"Ya huyu kijana. Hakuagwa. Basi tumuage sisi."

"Bibi, huyu ni mtu wa kitabuni."

"Kibovu ni jicho, si kichwa. Andika."

Joanitha akaandika *marehemu Rayani*, huku akicheka. Bibi akamwambia afute. Rayani si jina la misa, akasema, padre atauliza lini alibatizwa. "Andika Ambrose. Ambrose, aliyekufa maji ya Kagera."

"Ambrose ametoka wapi tena?"

"Ni jina zuri. Andika, bojo," Bibi akambembeleza.

Mto wa kitabuni haukuwa na jina, na kwa vyovyote haukuwa Kagera, lakini Joanitha aliona mchezo umenoga. Akaandika kwa mwandiko uleule wa adabu, na chini akaweka jina la familia kama inavyotakiwa. Ijumaa Bibi alikwenda mwenyewe kwa katekista Nolasco, fimbo mkono mmoja na mayai sita ya sadaka mkono wa pili, wala hakutaka kusindikizwa. Joanitha alidhani nia itapita kimyakimya katikati ya nia nyingine, yeye na Bibi watazamane chini chini, basi. Alisahau jambo ambalo mtu wa Isingiro hapaswi kulisahau. Katekista Nolasco hasomi nia, anaitangaza.

"Familia ya Apolinary Kahigi," Nolasco alinguruma Jumapili ile mbele ya kigango kizima, "inamwombea marehemu wao Ambrose, aliyekufa maji ya Kagera!"

Apolinary alikuwa benchi la mbele, na koti lake la sikukuu. Aliitika sala pamoja na wenzake kwa mazoea, halafu mdomo wake ukabaki wazi.

Watu wa kwetu wana kasoro zao, nami naweza kuzitaja mpaka mtalala, lakini msiba hauwapiti. Misa ilipokwisha hakuna aliyekwenda kwake kupumzika. Saa saba mchana wanawake waliingia uani kwa Apolinary wakiwa na mikungu ya ndizi, maharage na kuni. Joviana, jirani yao wa upande wa chini, alitangulia na mzigo wa nyasi mbichi kichwani za kutandika ndani, kama ipasavyo nyumba iliyofiwa. Wanaume walileta mabenchi.

"Poleni, poleni sana," Joviana alisema. "Lakini nyie nanyi, mnafiwa kimyakimya kama mna deni?"

Apolinary alisimama mlangoni. "Ambrose ni nani?" aliuliza kwa sauti ndogo, na waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kwa huruma, wakijua majonzi yamemzidi. Akamgeukia mama yake. "Mama. Ambrose ni nani?"

Bibi Kokwijuka alikuwa kwenye kigoda chake. Hakuinua uso.

"Ni yule kijana wa biolojia," akasema.

Yaliyofuata Joanitha angependa yafutwe. Kitabu kilitolewa, kaki likavuliwa mbele ya watu. Apolinary alisoma nusu ukurasa akiwa amesimama, na kwa bahati mbaya ilikuwa ile nusu ambayo Nasra anabusu ukungu. Joviana alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wake wa nyasi. Wengine walicheka kwa adabu, viganja mdomoni, lakini walicheka. Kabla ya saa kumi habari ilikuwa imefika Nkwenda kwa pikipiki, na kila kituo ilichopita ilinenepa kidogo. Apolinary aliwaomba radhi wageni mmoja mmoja, akawarudishia ndizi zao, akaubeba ule mzigo wa nyasi na kuutupa nyuma ya jiko.

"Wiki mbili unamsomea mama yangu mapepo," alimwambia Joanitha, "na mimi nazunguka nikiwaambia watu binti yangu atakuwa daktari." Kitabu akakifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akaweka mfukoni.

Hasira ile Joanitha angeivumilia, alistahili. Kilichomuumiza ni kilichokuja baada ya hasira. Baba yake alivuta benchi, akakaa mbele ya mama yake, akamsemesha taratibu kama unavyomsemesha mgonjwa.

"Mama, unajua huyo mtu hayupo?"

Bibi alichukua ndizi nyingine.

"Mama, nakuuliza. Unajua ni maneno tu ya kwenye karatasi?"

"Ameshaombewa," Bibi akasema.

Apolinary aliufunika uso wake kwa viganja. Alikuwa mwana anayempenda mama yake, na mwana wa namna hiyo akiogopa huamua haraka. Akasema Jumamosi atampeleka Bukoba kwa dada yake Evaresta, apimwe kichwa hospitalini, na akishapimwa abaki hukohuko ambako kuna mtu mzima wa kumwangalia mchana kutwa. Akasema na kitabu kile kikitoka sandukuni kitatoka kwenda motoni.

Bibi Kokwijuka alikuwa hajalala nje ya shamba lile tangu aolewe. Migomba yote alikuwa anaijua kwa kuigusa, na kaburi la mumewe Kahigi lilikuwa hapohapo, chini ya mibuni. Kumtoa pale ni kumng'oa. Na wa kulaumiwa, Joanitha alijua, alikuwa yeye na mwandiko wake mzuri.

Jumatatu alimpigia magoti. "Bibi, mwambie Baba unajua. Uliniambia mimi kibovu ni jicho, si kichwa. Mwambie na yeye."

"Mwache."

"Watakupeleka Bukoba!"

"Bukoba kuna ziwa. Nitaliona kidogo."

"Hulioni hata sufuria, ziwa utaliona na nini?" Joanitha akaanza kulia. Bibi akamfuta machozi kwa mkono wenye utomvu wa ndizi, ikawa kama kumchafua zaidi.

"Ile sura ya mwisho," Bibi akauliza, "hukuisoma peke yako?"

"Sikuisoma."

"Usiisome bila mimi."

Usiku ule Joanitha alikesha na lile jina la Ambrose. Mtu mwenye akili timamu anaweza kumwombea kijana wa kitabuni kwa kujifurahisha, sawa. Lakini kijana mwenyewe kumbatiza Ambrose, mto kuuita Kagera, halafu kukubali kuitwa mwehu kuliko kujieleza? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imeamua kufunga mdomo.

Alhamisi alasiri pikipiki ilisimama njiani. Akashuka mzee mwembamba, kofia mkononi, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Alipiga hodi mara tatu ingawa Joanitha na baba yake, waliokuwa uani na Bibi, walikuwa wanamwona. Apolinary alimwamkia, akampa benchi. Mgeni akamwamkia Bibi shikamoo, akaweka kahawa miguuni pake, akajitaja. Aliitwa Gaudiosus, alitoka Mabira.

"Binti yangu ameolewa huku kwenu," alisema. "Jumapili alinipigia simu. Akaniambia, Baba, leo kanisani wamemtaja Ambrose aliyekufa maji ya Kagera. Nimekaa siku nne nikijiuliza nije au nisije."

Apolinary akaanza kuomba radhi, kwa mara ya hamsini wiki ile. "Mzee wangu, ilikuwa bahati mbaya. Mama yangu siku hizi..."

"Ngoja kwanza nimalize, maana nikinyamaza sitaanza tena." Mzee aliigeuza kofia yake. "Nilikuwa na kaka, Ambrose. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Alivuka Kagera na wenzake kupeleka kahawa Uganda. Wenzake walirudi, wakasema mtumbwi ulipinduka. Baba akataka tufanye kilio. Mama akakataa. Hakuna mwili, akasema, hakuna kilio. Akasema, mwanangu hajafa, amechelewa. Tulikatazwa kulia. Tulikatazwa kumwombea, kwa sababu kumwombea ni kumuua. Kila jioni Mama alimwekea ndizi zake kwenye jani. Aliziweka mpaka mwaka aliokufa, na alipokuwa anakufa akaniapisha nisije nikamsomea misa. Miaka arobaini na saba sasa tangu mtumbwi upinduke. Sijamlilia kaka yangu hata siku moja." Akaiweka kofia gotini. "Basi nikasema, kama kuna mtu Isingiro aliyethubutu kufanya nilichoshindwa mimi, niende nimshike mkono. Nimuulize tu alimjuaje."

Apolinary alimgeukia mama yake taratibu.

"Mama? Ulimjua huyu?"

Joanitha alikuwa anatazama kisu. Ndizi iliyokuwa mkononi mwa Bibi ilishamenywa zamani, lakini kisu kilikuwa kinaendelea, kikiila ndizi yenyewe kipande kwa kipande, mpaka ikabaki nyembamba kama kidole. Bibi hakujua. Na hapo Joanitha akajua. Alijua aliyeandika ule ukungu hakuwa peke yake aliyewahi kungoja. Alijua pia kwa nini Bibi alikubali kuitwa mwehu. Miaka arobaini na saba alikuwa mke na mjane wa Kahigi, mtoto wa Kahigi amekaa mbele yake, na Kahigi mwenyewe amelala pale chini ya mibuni. Angewezaje kusema mbele yao kwamba kulikuwa na mwingine?

"Sikumjua," Bibi akasema. "Ni jina la kitabuni."

Gaudiosus aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Basi ni majina yamefanana," akasema. "Hutokea." Akasimama, akavaa kofia. Uso wake ulikuwa umejifunga tena kama alipofika, na Joanitha aliona kwamba mzee huyu akishapanda ile pikipiki hatakuja tena, na Jumamosi Bibi atapanda basi la Bukoba, na Ambrose atabaki anangoja pale mtoni mpaka watu wote wanaomjua wafe.

"Mzee, usiende!" alisema, akashtuka kwa sauti yake mwenyewe. "Kitabu hakijaisha. Imebaki sura moja. Huyo wa kitabuni naye hakuagwa. Kaa usikie aliishaje."

"Joanitha!" baba yake alifoka.

"Baba, nakuomba. Nisome hiyo moja tu, halafu ukichome."

Apolinary alifungua mdomo amkaripie. Macho yake yakapita kwa mama yake, yakashuka kwenye mikono yake, yakaona ile ndizi. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa ufunguo mfukoni na kuingia ndani, na walisikia sanduku la bati likifunguliwa.

Joanitha alisoma akiwa amepiga magoti chini, kitabu kikiwa uchi bila kaki lake. *Alfajiri ile ukungu ulikuja mwembamba, na ndani yake, akitembea kama mtu anayeogopa kuamsha watoto, akaja...* Jina lilikuwa pale, Ra-ya-ni, kwa herufi nyeusi. Akainua macho. Gaudiosus alikuwa amekaa tena, amevua kofia. Bibi alikuwa amefumba macho.

"...akaja Ambrose," Joanitha akasoma.

Hakuna aliyemsahihisha. Akaendelea. Ambrose alikaa kizingitini. Ambrose alimuuliza Nasra kwa nini analia. Kila jina lilipofika alilibadilisha, na kila alipolibadilisha lilitoka jepesi zaidi, mpaka ikawa kama ndivyo lilivyochapwa. Mwandishi alikuwa amemwaga maneno yake matamu yote katika sura ile, mwezi na umande na ndege wa mtoni, na Bibi hakuulalamikia mwezi hata mara moja. Akafika mahali Nasra anaposimama ndani ya maji mpaka kiunoni, watu wa kijiji wakiwa nyuma yake, na kumtaja kijana kwa sauti.

*"Nenda, Ambrose,"* Joanitha akasoma. *"Njia iko wazi."*

Hapo kitabu kilikuwa na nukta. Joanitha hakutua. "Hukuchelewa," akaendelea, macho yakiwa kwenye karatasi ambako hakukuwa na neno hilo. "Ni sisi tuliochelewa kukuaga."

Gaudiosus akatoa sauti ambayo Joanitha hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Sauti ya mtoto wa miaka kumi. Joanitha alimwangalia Bibi, akingoja lile agizo lao. Alikuwa tayari kurudia hata mara mia.

"Usirudie," Bibi Kokwijuka akasema. "Funga."

Akafunga kitabu.

Apolinary alisimama, akazunguka nyuma ya jiko. Alirudi na ule mzigo wa nyasi wa Joviana, uliokuwa umeanza kukauka kwa jua la siku nne. Akakata kamba kwa panga, akaingia ndani, akatandika sakafu yote kuanzia mlangoni mpaka ukutani, kwa uangalifu, mwenyewe, kazi ambayo si ya mwenye nyumba. Akatoka, akamshika Gaudiosus mkono, akamwingiza. Kisha akarudi kwa mama yake, akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Jumamosi hatuna safari," akamwambia. "Tuna matanga. Ingia, Mama."

Akamwinua, akamshika kiwiko mpaka ndani. Bibi Kokwijuka alikaa chini kwenye nyasi kando ya Gaudiosus, akanyoosha miguu, akajifunga kitenge chake kichwani, akalia kwa sauti mpaka Joviana akasikia kule chini na kupanda mbio. Na katika nyumba ile ya Kahigi hakuna hata mmoja aliyemuuliza anamlilia nani.